Fomu ni kama balo la mtumba

Sisi tunaoanza PHP wiki hii tumefika kwenye fomu: mtu anajaza visanduku, anabonyeza tuma, skripti kwenye seva inapokea. Wengi wanaona somo jepesi. Mimi nimechimba historia yake kidogo, na kumbe ina mambo.

Jamaa aliyeanzisha PHP, Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa vijiprogramu vyake hadharani 1995. Baadaye ikaitwa PHP/FI, na FI maana yake ni mfasiri wa fomu. Yaani fomu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe! Ili kurahisisha, kila kisanduku kiligeuka chenyewe kuwa jina ndani ya skripti: "umri" kwenye fomu, $umri kwenye seva. Raha tupu. Ila mjanja akiongeza kwenye anwani neno ambalo hukuliweka, tuseme admin=1, nalo linaingia, na kama skripti yako haikulipangia thamani mwanzoni, umeliwa. Toleo la 4.2.0 la mwaka 2002 likauzima mtindo huo, na 5.4 ya 2012 ikaufuta kabisa.

Hapa Mchikichini muuza mitumba akinunua balo hajui kilichomo. Anakata kamba, anachambua, ndipo anatundika. Wale wa PHP walikuwa wanatundika kabla ya kuchambua.

Fomu iliyonigusa zaidi ni ya majirani zetu. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 watu walikuwa wanauawa, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mapema Januari 2008 mwanasheria Ory Okolloh akaomba kwenye blogu yake wajuzi wa kompyuta watengeneze ramani ya matukio. David Kobia, aliyekuwa Marekani, akaiandika kwa siku chache tu akiwa na wenzake kina Erik Hersman na Juliana Rotich. Wakaiita Ushahidi. Mwananchi yeyote aliweza kujaza: nini, wapi, lini.

Sasa hapo kuchambua ni suala la roho za watu. Skripti inaweza kukagua kama tarehe ni tarehe. Haiwezi kujua kama nyumba ya Eldoret kweli imechomwa, au kuna mtu anataka kuchochea kisasi. Ikabidi binadamu wasome taarifa na kuzilinganisha na habari nyingine.

Januari 2010 programu hiyohiyo ikapokea taarifa za tetemeko la Haiti. Nyingi zilikuja kwa Krioli, na watu wa kujitolea wakawa wanazitafsiri moja moja.