Heshima, Ulevi na Bastola katika Chuo Kikuu cha Virginia

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1840, mjini Charlottesville, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, profesa wa sheria John A. G. Davis alitoka nyumbani mwake ili aone ni nani waliokuwa wakipiga bastola kwenye uwanja wa chuo. Aliwakuta wanafunzi wawili waliofunika nyuso. Alipojaribu kumfunua mmoja wao alipigwa risasi, na siku mbili baadaye alifariki. Tarehe 4 Julai 1842, Jaji Henry St. George Tucker, aliyekuwa amerithi nafasi yake ya kufundisha sheria, alipendekeza kwamba tangu hapo kila mwanafunzi athibitishe kwa maandishi, kwa heshima yake, kuwa hakupata msaada wowote wakati wa mtihani. Masimulizi ya chuo huyaunganisha matukio hayo mawili kama mzazi na mtoto: damu ya profesa ilizaa kiapo, na kiapo kikatuliza fujo.

Masimulizi hayo yanapendeza, lakini yana kasoro. Kiapo cha 1842 kilihusu udanganyifu katika mitihani tu. Hakikutaja pombe, wala kamari, wala silaha. Ikiwa kweli kilichangia kuleta utulivu, yafaa kuchunguza kilichangia kwa njia gani. Na uchunguzi huo haufiki mbali bila kulichungua neno lenyewe, heshima, na maana yake kwa vijana wale.

Chuo kilifunguliwa mwezi wa Machi 1825. Mwanzilishi wake, Thomas Jefferson, aliyekuwa Rais wa tatu wa Marekani, alikuwa na umri wa miaka 81. Aliamini kuwa hofu ya adhabu haimfai kijana, na kwamba wanafunzi wakipewa uhuru wataweza kujitawala. Alipanga nyumba kumi za maprofesa kuuzunguka uwanja wa nyasi, zikiungana na vyumba vya wanafunzi, ili walimu na vijana waishi kama wanakijiji. Makosa madogo yangeamuliwa na baraza la wanafunzi wenyewe. Pombe, kamari na silaha zilikatazwa na kanuni za chuo, lakini utekelezaji wake ulitegemea zaidi nia njema kuliko ulinzi.

Nia hiyo njema haikudumu hata mwaka mmoja. Usiku wa mwisho wa Septemba 1825 chupa ilivurumishwa ndani ya nyumba ya profesa mmoja aliyetoka Uingereza. Usiku uliofuata wanafunzi kumi na wanne, ambao kwa maelezo ya Jefferson mwenyewe walikuwa wamechangamshwa na mvinyo, walifunika nyuso na kuzunguka uwanjani wakiwatukana walimu wa Ulaya. Maprofesa wawili waliojaribu kuwakamata walishambuliwa. Kesho yake, badala ya kuona haya, makumi ya wanafunzi walitia sahihi barua ya kukataa kuwataja wenzao, na kuwalaumu maprofesa kwa kumgusa mwanafunzi. Maprofesa wawili wa Uingereza wakataka kujiuzulu.

Tarehe 3 Oktoba baraza la wasimamizi liliwaita wanafunzi wote. Jefferson alisimama kuzungumza, akasema kwamba hilo ni miongoni mwa mambo yaliyomwumiza zaidi maishani mwake, kisha machozi yakamziba sauti, akaketi. Mwenzake Chapman Johnson ndiye aliyeendelea, akiwataka wenye hatia wajitokeze. Wakajitokeza. Mmoja wao alikuwa ni jamaa wa Jefferson, naye alifukuzwa pamoja na wengine wawili.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kitisho hakikuwashinda vijana wale, ila machozi ya mzee yaliwashinda. Heshima waliyoijua haikuwa utii. Ilikuwa ni sura ya mtu mbele ya wenzake. Kumtaja mwenzio mbele ya mwalimu ilikuwa aibu. Kuvumilia tusi bila kujibu kwa fimbo au bastola ilikuwa aibu. Kukataa kunywa pamoja na wengine ilikaribia kuwa aibu. Lakini kumwacha mzee aliyewajengea chuo alie hadharani nayo ilikuwa aibu. Chanzo cha fujo na chanzo cha kuzikomesha vilikaa katika neno moja.

Wasimamizi hawakulichukua fundisho hilo. Walichagua ukali. Wanafunzi walitakiwa kuamka alfajiri, kuvaa sare ya rangi ya kijivu, kukabidhi fedha zao kwa mtunza fedha wa chuo, na kutoa ushahidi wanapotakiwa. Edgar Allan Poe, ambaye baadaye alipata umaarufu wa uandishi, alisoma hapo mwaka 1826. Aliondoka mwisho wa mwaka huohuo akiwa na madeni makubwa ya kamari, yaani kamari ileile iliyokatazwa. Sare ikageuka kuwa mchezo: kuivunja sheria yake kulikuwa ni ushujaa. Kila kanuni mpya ilimpa kijana nafasi mpya ya kuwaonyesha wenzake kwamba haogopi. Mnamo Novemba 1836 walimu walipoizuia kampuni ya kijeshi ya wanafunzi isiyokubali masharti, wanafunzi walifukuzwa kwa makumi. Wakafyatua bunduki na kuvunja madirisha ya nyumba za walimu hadi askari wakaitwa. Kila mwaka baadaye tarehe hiyo iliadhimishwa kwa milio ya bastola, na ni katika maadhimisho hayo ndipo Davis alipopigwa.

Kifo chake kilibadilisha jambo moja waziwazi: wanafunzi wengi walishiriki kumsaka mwenzao. Joseph Semmes, kijana kutoka Georgia, alikamatwa, ingawa aliachiliwa kwa dhamana na kesi yake ya mauaji haikusikilizwa kamwe. Kwa mara ya kwanza kumficha mkosaji kulikuwa aibu kuliko kumfichua. Pendekezo la Tucker lilipanda juu ya udongo huo uliokwisha kulimwa. Halikumtaka mwanafunzi awe mpelelezi wa mwenzake. Lilimtaka ashuhudie nafsi yake. Katika miaka iyo hiyo ya 1840 sheria ya sare na ile ya kuamka alfajiri zilifutwa. Hata hivyo, asidanganyike mtu kwamba amani ilifika mara moja: mwaka 1845 fujo zilizuka upya na wanamgambo wakaitwa chuoni. Ndipo katika miaka ya 1850 wanafunzi waliojiunga na chama cha kuacha pombe wakapata jumba lao kwenye ardhi ya chuo.

Yote haya yamesimuliwa mara nyingi kama historia ya vijana watukutu na walimu wavumilivu. Wengine waliokuwa wakiishi pale hawakutajwa. Chuo kilijengwa na kuhudumiwa na watumwa. Idadi yao kati ya 1817 na 1865 imekadiriwa kuwa hadi 4,000. Wao ndio waliowasha moto vyumbani, wakabeba maji, wakafagia vipande vya chupa asubuhi. Mwaka 1856 mwanafunzi mmoja alimpiga msichana mtumwa wa miaka kama kumi hadi akazimia, na mbele ya walimu alijitetea kwamba kumwadhibu mtumwa mfidhuli ni haki yake. Kijana huyo alikuwa ameshaishi miaka kumi na minne baada ya kiapo cha heshima kuanzishwa. Kiapo hakikumgusa, kwa sababu aibu hupatikana mbele ya wale tu ambao mtu anawahesabu kuwa wenzake.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Muungwana ni mtu mwenye adabu na utu; lakini asili yake neno hilo lilimaanisha asiye mtumwa. Jina Kingwana, lililotumika zamani kwa Kiswahili cha mashariki ya Kongo, latokana na shina hilohilo, na wengi walioitwa waungwana katika misafara ya karne ya kumi na tisa walikuwa wenyewe wa asili ya utumwa. Neno lilitanuka, likawapokea waliokuwa nje yake. Huko Virginia, heshima ilikawia sana kutanuka.

Karne ya ishirini ilirudia mabishano yaleyale kwa vyombo vikubwa zaidi. Sherehe za Pasaka za wanafunzi wa Virginia, zilizosifika nchini kote kwa ulevi, zilikomeshwa na chuo mwaka 1982. Mwaka 1984 bunge la Marekani liliamua kuyapunguzia fedha za barabara majimbo yanayoruhusu watu wenye umri chini ya miaka 21 kununua pombe. Sheria ya 1989 ikavilazimisha vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kuwa na mpango wa kuzuia pombe na dawa za kulevya; ile ya 1990, iliyofuata kuuawa kwa mwanafunzi Jeanne Clery chumbani mwake mwaka 1986 huko Pennsylvania, ikavitaka vitangaze hesabu ya uhalifu unaotendeka ndani yake. Wapinzani walikuwapo pia: mwaka 2008 zaidi ya wakuu 100 wa vyuo walitia sahihi tamko la kutaka umri wa 21 ufikiriwe upya, wakidai kwamba marufuku yamewafundisha vijana kunywa kwa kujificha.

Lililo karibu zaidi na siku ile ya machozi ya Jefferson ni jambo dogo lililochapishwa mwaka 1986 na Wesley Perkins na Alan Berkowitz, walipokuwa chuoni Hobart and William Smith, jimbo la New York. Waligundua kwamba wanafunzi huwadhania wenzao kuwa walevi kuliko walivyo, kisha hunywa ili walingane na dhana hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Virginia kilianza kubandika mabango katika mabweni ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hayakutaja adhabu wala magonjwa. Yalimweleza tu kijana ni kiasi gani wenzake walikuwa wanakunywa kwa kweli.