Bustani Iliyokuwa na Kufuli

Ndugu msomaji, likitajwa neno wakfu hapa kwetu pwani, kila mmoja ana mfano wake. Kuna kisima kilichochimbwa zamani na bibi ambaye hata wanaochota maji yake hawalijui jina lake. Kuna shamba la minazi ambalo nazi zake huuzwa ili msikiti upate mikeka na taa. Kuna nyumba ya mawe ambayo kodi yake ni ya madrasa. Mambo haya tumeyazoea hata hatuulizi tena: ni kitu gani kinachoifanya mali ya mtu mmoja iendelee kuwafaa watu miaka mia moja baada ya mwenyewe kuzikwa? Na ni kitu gani kinachoiua?

Leo tutalitafutia jawabu swali hili mbali na kwetu, katika mji mdogo wa Dunfermline, ulioko Scotland. Aliyeuwekea mji huo mali hakuwa Mwislamu, na katika khabari zake yamo tutakayoyakataa. Lakini wazee wetu walitufundisha kuwa hikima huokotwa popote inapoonekana, basi na tuiokote.

Mji wa wafumaji

Dunfermline ni mji wa kale. Wafalme wa Scotland walizikwa hapo, na magofu ya jumba lao na ya nyumba ya watawa yako mpaka leo. Katika karne ya 19 watu wake waliishi kwa kufuma kitani, khasa vitambaa vya meza vyenye maua, ambavyo matajiri wa nchi nyingi walivitaka. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono, nyumbani, baba akifuma chini na jamaa wakilala ghorofani. Kisha zikaja mashine za mvuke, na mfumaji wa mkono akawa hana kazi.

Katika nyumba moja ya namna hiyo alizaliwa Andrew Carnegie, tarehe 25 Novemba 1835. Karibu na nyumba yao, kando ya yale magofu, palikuwa na bonde zuri la miti na kijito, jina lake Pittencrieff. Bonde hilo lilikuwa milki ya bwana mmoja mwenye ardhi. Jamaa wa upande wa mama yake Andrew, ukoo wa Morrison, waligombana na bwana huyo kwa sababu ya haki ya watu wa mji juu ya magofu. Naye akaamrisha kwamba mtu wa ukoo ule asitie mguu ndani ya bustani yake. Kwa mwaka siku moja milango ilifunguliwa na watoto wa mji wakaingia kucheza. Andrew alibaki nje.

Mwaka 1848 umasikini uliwazidi. Wakauza vyombo vyao, na kwa kuwa nauli haikutosha, rafiki wa mama yake akawakopesha pauni 20. Wakavuka bahari mpaka Marekani, karibu na mji wa Pittsburgh. Kijana yule, naye ana miaka 13 tu, akaanza kazi katika kiwanda cha pamba kwa dola 1 na senti 20 kwa wiki. Baadaye akawa mpeleka simu za maandishi, kisha akaingia katika kazi ya reli, na mwisho katika chuma. Mwaka 1901 aliiuza kampuni yake ya chuma kwa dola milioni 480, akawa miongoni mwa watu matajiri kabisa duniani.

Mali ya asili na matunda yake

Hata kabla ya hapo hakuwa ameusahau mji wake. Mwaka 1877 watu wa Dunfermline walipata nyumba ya kuogelea na kuoga kwa fedha zake, jambo kubwa katika zama ambazo nyumba ya masikini haikuwa na bafu. Mwaka 1881 mama yake mwenyewe aliweka jiwe la msingi la maktaba, ikafunguliwa mwaka 1883. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika maktaba zaidi ya 2,500 alizozijenga katika nchi mbalimbali. Na dasturi yake katika maktaba ilikuwa hii: yeye hutoa jengo, na mji hujifunga kuitunza kwa kodi yake wenyewe. Asiyekuwa tayari kubeba fungu lake hakupewa.

Mwaka 1902 Carnegie alilinunua bonde la Pittencrieff kwa pauni 45,000. Aliyefungiwa nje sasa ndiye mwenye ufunguo. Ndugu msomaji, ungalikuwa wewe ungalifanya nini? Wako ambao wangalijenga kasri humo, na wako ambao wangaliweka kufuli kubwa zaidi. Yeye mwaka uliofuata aliwapa watu wote wa mji, iwe bustani yao siku zote za mwaka.

Tena hakutoa ardhi peke yake, kwani alijua bustani isiyo na wa kuitunza hugeuka msitu. Mwaka huo huo wa 1903 aliunda amana iitwayo Carnegie Dunfermline Trust, akaiwekea hati za deni za kampuni ya chuma zenye thamani ya dola milioni 2.5. Pato lake kwa mwaka lilikuwa kiasi cha pauni 25,000, na mji wenyewe ulikuwa na watu 25,000 hivi. Ilikuwa ni kama kila mwanamume, mwanamke na mtoto mchanga kuwekewa pauni moja kila mwaka.

Mwislamu akisoma hivi atasema: haya tunayajua. Naam, ni kweli. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipopata ardhi huko Khaybar, alimwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka shauri, akaelekezwa azuie asili yake na atoe sadaka matunda yake, ardhi isiuzwe, isitolewe hiba, wala isirithiwe. Umbo ni moja. Tofauti ni kwamba pato la Dunfermline lilitokana na riba, na riba kwetu ni haramu bila ya shaka. Wakfu wetu hupata pato kwa kodi ya nyumba, mavuno ya shamba na biashara ya halali, na njia hizo zinatutosha.

Wasimamizi na kazi zao

Carnegie aliwaandikia wasimamizi wa mwanzo barua yenye maana kubwa. Aliwaambia kwamba wao ni watangulizi katika jambo lisilojaribiwa, basi wasiogope kukosea. Wajaribu mengi, na lisilofaa waliache bila ya kuona haya. Alitaka fedha hizo zilete furaha katika maisha mazito ya watu wa kazi, hata mtoto wa Dunfermline aone kwamba kuzaliwa hapo tu ni bahati. Tena alitaka waanze pale baraza la mji linapoishia, wasije wakaubebea mji mzigo ulio wajibu wake.

Mwaka 1905 ilifunguliwa nyumba mpya kubwa ya kuogelea na mazoezi ya mwili. Kikafunguliwa pia chuo cha kuwafundisha wasichana ualimu wa mazoezi na usafi wa afya, na kwa muda mrefu waalimu wake walienea katika skuli za Scotland. Watoto wa skuli wakaanza kupimwa na daktari, kabla serikali haijaifanya kazi hiyo kuwa yake. Vikawekwa vyumba vya kusomea na kukutania, hata katika mitaa ya pembeni.

Si kila shauri lilikubaliwa. Mtaalamu mashuhuri wa mipango ya miji, Patrick Geddes, aliombwa achore mpango wa bustani. Mwaka 1904 akatoa kitabu kizima cha mabadiliko makubwa ya bustani na mji. Wasimamizi wakaona gharama haibebeki, wakaacha sehemu kubwa yake. Kumwambia mtaalamu mkubwa "hapana" ili mali ya watu isimalizike, hiyo nayo ni amana. Na serikali ilipochukua mambo ya afya na elimu, wao waliyaachia wakageukia mengine. Amana hiyo iko hai mpaka leo, na bustani iko wazi.

Doa lisilofutika

Haitakuwa haki kusifu bila ya kusema lililobaki. Mwaka 1892, katika kiwanda chake cha Homestead, karibu na Pittsburgh, wafanya kazi walikataa kukatwa mishahara. Carnegie mwenyewe alikuwa Scotland, akamwachia msimamizi wake, Henry Clay Frick, madaraka yote. Wakaletwa walinzi wa kukodi 300 wenye silaha, kukawa na vita tarehe 6 Julai, wakafa watu kiasi cha 10 wa pande zote mbili. Chama cha wafanya kazi kikavunjwa, na mishahara ikashuka.

Basi watoto wa Dunfermline waliogelea kwa fedha ambazo watoto wa Homestead walipungukiwa. Hili ni swali zito, na sisi jawabu lake tumefundishwa: Mwenyezi Mungu ni mwema na hapokei ila kilicho chema. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kumpa mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Anayetaka kuacha kisima cha sadaka, na aanze na mshahara wa mpishi wake, wa baharia wake na wa fundi aliyemjengea nyumba. Haki ya mja hailipwi kwa jengo lenye jina lako.

Na sisi je?

Sasa turudi nyumbani. Wakfu hatukosi. Zanzibar iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Kenya iko Kamisheni yake ya Wakfu. Lakini sheria haimtoshi mtu asiye na khofu ya Mungu. Nyumba ya wakfu inayokodishwa kwa jamaa kwa bei ya zamani, shamba ambalo mipaka yake husogea kila mwaka, hesabu iliyo moyoni mwa mutawalli peke yake: hivyo ndivyo wakfu unavyokufa, kimya kimya, bila ya matanga.

Ndugu yangu mwenye mali, hata ikiwa ni minazi kumi, andika wakfu wako mbele ya mashahidi na ueleze ni wa nani. Usimchague msimamizi kwa kuwa ni mpwa wako. Chagua waaminifu kadhaa, wenye ujuzi, wanaoweza kuambiana ukweli. Nawe mutawalli, isome hesabu mbele ya watu kila mwaka, ukarabati paa kabla hujagawa kodi, na ukiona haja ya mji imebadilika, waulize wanavyuoni ni njia gani sheria inakuruhusu kuifuata. Nasi watu wa mji tusikae kungojea kupewa: mwenye jembe alete jembe, mwenye kalamu alete kalamu.

Kisha kila mmoja wetu ajiulize, katika mtaa wake, ni nani anayesimama nje ya mlango. Huenda ni yatima asiye na ada ya madrasa, au mgeni kutoka bara asiyealikwa, au msichana mwenye akili asiye na mahali pa kusomea. Aliyewahi kufungiwa mlango anayo khiari mbili tu akiupata ufunguo. Mwanadamu akifa, amali zake hukatika isipokuwa tatu, na mojawapo ni sadaka yenye kuendelea. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaofungua. Amin.