Noti moja tu: Kwa nini skeli ya maina huupa wimbo msisimko?

Hello wa Adele (2015) ni wimbo wa maumivu. Happy wa Pharrell Williams (2013) ni wimbo wa kuruka na kupiga makofi. Hakuna anayeweza kuzichanganya nyimbo hizi, lakini zote mbili ziko kwenye kii moja: F maina.

Hapo ndipo ule usemi wa mtaani kwamba "meja ni furaha, maina ni huzuni" unapoanza kuyumba. Sasa maina inafanya kazi gani hasa?

Tofauti iko wapi?

Aliyewahi kuimba kwaya anaijua skeli ya meja: do re mi fa so la ti do. Maina ya kawaida hutumia noti hizohizo, ila nyumbani kwake si do, ni la: la ti do re mi fa so la.

Ukianzia hapo, umbali kati ya noti unabadilika. Kubwa zaidi ni noti ya tatu. Kwenye meja, kutoka noti ya kwanza hadi ya tatu ni nusu toni nne. Kwenye maina ni tatu tu.

Jaribu mwenyewe kwa programu ya kinanda kwenye simu. Bonyeza C, E na G kwa pamoja. Kisha acha E, ubonyeze kitufe cheusi kilicho kushoto kwake. Umeshusha nusu toni moja tu, lakini sauti inageuka kama wingu limepita mbele ya jua.

Msisimko unatoka wapi?

Kwenye maina ya kawaida, noti ya saba iko toni nzima chini ya nyumbani, kwa hiyo haina haraka ya kurudi. Watunzi wengi huipandisha nusu toni. Sasa imebaki hatua ndogo kabisa kufika, na sikio linabaki linasubiri. Hiyo huitwa maina ya harmoniki.

Mabadiliko hayo pia huacha pengo la toni moja na nusu kati ya noti ya sita na ya saba. Pengo la namna hiyo husikika pia kwenye maqam ya Hijaz ya muziki wa Kiarabu, ambao mizizi yake imo ndani ya taarab ya Zanzibar. Na taarab hiyohiyo hupigwa harusini, watu wakatunza na kucheza!

Wengine hutumia maina kama mwanzo wa safari. Simfoni ya 5 ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808, inaanza kwa C maina yenye vitisho na kuishia kwa C meja ya ushindi.

Je, kila mtu husikia huzuni?

Si lazima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kwenye jarida la PLOS ONE ulihusisha jamii za vijijini Papua New Guinea. Kwa watu wasio na mazoea makubwa na muziki wa Kimagharibi, watafiti hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba meja kwao ni furaha na maina ni huzuni. Mazoea ya sikio yana mchango wake.

Halafu kuna kasi. Hello huenda takribani mapigo 79 kwa dakika, Happy takribani 160. Kii ni ileile, ila mmoja unakuketisha na mwingine unakuinua.

Kwa hiyo msanii chipukizi anayeona wimbo wake umepoa asikimbilie maina akidhani itamaliza kila kitu. Maina huleta mvutano. Kama mvutano huo utakuwa kilio, hofu au ngoma ya kuchezeka, huamuliwa na kasi, midundo, sauti ya mwimbaji na maneno yenyewe.