Uendeshaji wa skripti kwenye seva za mbali

Uendeshaji wa skripti kwenye seva za mbali ni utaratibu ambao faili lenye mfululizo wa amri za kompyuta, yaani skripti, hutekelezwa kwa wakati uliopangwa katika seva iliyo mbali na msimamizi wake, bila mtu kuzichapa amri hizo upya. Nchini Tanzania utaratibu huu unaonekana vyema katika DHIS2, programu ya taarifa za afya iliyoasisiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na kuenezwa nchini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Takwimu zinazojazwa katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, kwenye zahanati za kata kama Nanganga hujumlishwa kila mwezi, zikaingizwa katika mfumo na kuhifadhiwa katika hifadhidata ya seva kuu. Hata hivyo, hazionekani papo hapo katika chati na ramani, kwa sababu DHIS2 huzichora kutokana na majedwali ya uchambuzi ambayo hutengenezwa upya na kazi iliyoratibiwa, kwa kawaida usiku. Kazi hiyo isipofanyika, mganga mkuu wa wilaya, awe Ruangwa au Nachingwea, hupanga ugavi wa dawa kwa takwimu zilizopitwa na wakati, na huenda asijue.

Nje ya programu yenyewe, kazi hutegemea cron, programu ya Unix ya miaka ya 1970 inayosoma jedwali la nyakati na kuanzisha kila skripti saa yake ikifika, pamoja na SSH, itifaki ya mawasiliano yaliyosimbwa iliyobuniwa na Tatu Ylönen nchini Ufini mwaka 1995, ambayo inaweza kumtambua msimamizi kwa jozi ya funguo badala ya nywila.

Saa huhitaji uangalifu wa pekee. Seva nyingi hufuata saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivyo kazi iliyoandikiwa 06:00 huanza saa tatu asubuhi ya Tanzania, wakati makarani wanaingiza takwimu. Anayetaka saa sita usiku huandika 21:00.

Skripti nzuri huandikwa ili ikirudiwa baada ya mtandao kukatika isiharibu kilichokwisha kufanyika, na hutuma taarifa inaposhindwa. Skripti ya nakala rudufu hudai zaidi: nakala yenyewe hurejeshwa mara kwa mara katika seva ya majaribio, kwani faili linaweza kuwapo kila asubuhi huku likiwa tupu.