Wenye Ndoana Walipoushitaki Mji

Ukisikia habari za vyama vya wavuvi wa ndoana vya Uingereza, utacheka. Watu wazima wamekaa ukingoni tangu alfajiri, na samaki wakimpata, wengi wao wanamrudisha majini! Haya, cheka ndugu msomaji, kisha unisikilize.

Chama cha namna hiyo hutunza maji kabla ya kuvua. Kikishanunua au kukodi haki ya uvuvi, kazi ndipo inaanza: kufyeka magugu, kuimarisha kingo, kupandikiza vifaranga, kuweka mlinzi. Mto nao hupumzishwa samaki wakitaga. Sheria ya mwaka 1878, iliyofunga uvuvi wa samaki wengi wa mitoni toka 15 Machi hadi 15 Juni, ilipelekwa bungeni na Mundella, mbunge wa Sheffield, mji wa wafua visu uliojaa vyama hivyo.

Lakini hebu jiulize: utafyeka magugu mpaka lini, ikiwa aliye juu yako anakutupia uchafu?

Hilo ndilo lililokipata chama kimoja cha Derby, kilichokuwa na haki ya kuvua katika mito ya Derwent na Trent. Kiwanda cha British Celanese, watengenezaji wa hariri ya bandia, kilimwaga taka zake mtoni. Manispaa ya Derby ilimwaga maji ya vyoo yasiyosafishwa vya kutosha. Mamlaka ya umeme nayo ilimwaga maji ya moto. Ati maji ya moto yana ubaya gani? Lita moja ya maji yenye nyuzi 10 za Selsiasi hubeba kama miligramu 11 za oksijeni. Yakifika nyuzi 25 hubeba kama 8 tu. Na uchafu wa vyoo ukioza unakula hizo hizo zilizobaki. Samaki wanakosa pumzi.

Sheria ya kuzuia uchafuzi wa mito ilikuwepo tangu 1876, ila meno yake yalikuwa butu. Chama, pamoja na Earl wa Harrington aliyekuwa na ardhi kando ya mto, wakaenda mahakamani kudai haki yao wenyewe. Manispaa ikajitetea: mitambo yetu tuliijenga kwa sheria ya 1901, ikatosha, watu ndio walioongezeka, sisi kosa letu nini? Tutozeni fidia, yaishe. Mwaka 1952 mahakama ikakataa, na Mahakama ya Rufani ikakataa vilevile. Sheria ile haikuwapa ruhusa ya kuchafua maji ya mwenzao, na fidia haisafishi mto. Wakapewa muda wa kurekebisha mitambo, lakini amri ya kuacha ikabaki pale pale.

Kesi ni ghali, jamani, na kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1948 wakili mmoja mvuvi, John Eastwood, alianzisha ushirika wa wavuvi, ili michango midogo ya wengi igharimie kesi za vyama vidogo. Ushirika huo unaendelea na kazi. Tangu 2009 unaitwa Fish Legal.

Sasa nisikilize vizuri. Sisemi mahakama ilimwonea mto huruma. Ilichokilinda ni mali: chama kilikuwa na haki yake, Earl alikuwa na ardhi yake. Mama aliyeishi jirani, ambaye watoto wake waliogelea mle mle, angesimama na nini mbele ya jaji? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, tunasema. Ila mnyonge wa Derby alipewa haki kwa sababu alikuwa na cha kuonyesha.

Ndiyo maana naona kazi kubwa ya chama cha wavuvi haikuwa panga la kufyekea magugu. Ilikuwa kujua maji ni ya nani, kuwa na ushahidi wa hilo, na kuchanga mapema, kabla samaki hawajaelea.