Hesabu ya Wagonjwa Wasioandikwa

Mwaka 1948 watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Reserve katika jiji la Cleveland, Marekani, wakiongozwa na Dakta John Dingle, walianza kuwagawia akina mama karatasi za kujaza. Kila siku mama aliandika hali ya kila mtu nyumbani mwake: nani kakohoa, nani kaamka na mafua, nani katapika, nani anaharisha. Kila wiki mtu wa utafiti alibisha hodi na kuzipitia karatasi hizo pamoja naye. Familia zenyewe hazikufika mia moja, lakini kazi iliendelea hadi 1957. Kilichotafutwa hasa ni mafua na magonjwa mengine ya njia ya hewa. Maradhi ya tumbo yaliingia humo kwa kuwa akina mama waliandika kila kitu, na hesabu ilipofungwa yakaonekana kushika nafasi ya pili, nyuma ya magonjwa hayo ya hewa.

Miongo minne baadaye karatasi zile zilihitajiwa kwa swali jingine kabisa: katika nchi nzima, kwa mwaka mmoja, ni watu wangapi wanaougua kwa sababu ya chakula walichokula?

Swali hili huonekana jepesi mpaka mtu ajaribu kulijibu. Aliyekula nyama yenye bakteria leo mchana huenda tumbo likamchafuka keshokutwa. Ili aingie katika takwimu za serikali, mambo mengi lazima yafuatane. Kwanza aende kwa daktari. Daktari aagize choo kipimwe, na mgonjwa akubali kukileta. Maabara iwe na uwezo wa kumtafuta mdudu mwenyewe, imwone, kisha itume taarifa kwa mamlaka ya afya. Popote mlolongo huu unapokatika, mgonjwa hutoweka. Na hata akifika mwisho, bado haijathibitika kwamba mdudu alimwingia kwa njia ya chakula. Huenda alitoka kwenye maji, kwa mtoto aliyekuwa akimuuguza, au kwa ng'ombe aliyemkamua asubuhi.

Wanaoandikwa, basi, ni sehemu ndogo ya wanaougua. Hilo wataalamu walikubaliana. Ubishi ulikuwa juu ya udogo wa sehemu hiyo. Mwaka 1985 Douglas Archer na John Kvenberg walikadiria kwamba Wamarekani kati ya milioni 24 na milioni 81 huharisha kila mwaka kwa sababu ya chakula. Miaka miwili baadaye makadirio mengine yakasema milioni 6.5. Katika vifo nako wakadiriaji walitofautiana, wengine wakitaja 500 kwa mwaka, wengine 9,000. Nchi ni ileile, miaka ni ileile, na tofauti inapita mara kumi. Mbunge aliyetaka kujua kama wakaguzi wa nyama waongezewe fedha angeweza kuchagua namba iliyompendeza, na kila upande ungekuwa na mtaalamu wa kumuunga mkono.

Kilichouvunja mkwamo huo ni misiba. Mwanzoni mwa 1993, katika majimbo ya magharibi ya Marekani, hambaga ambazo hazikuiva vizuri ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue, na watoto wanne wakafa. Aliyesababisha ni bakteria aina ya E. coli O157:H7, ambaye maabara nyingi hazikuwa na desturi ya kumpima. Mwaka uliofuata kukatokea jambo ambalo kwangu linaeleza tatizo lote la hesabu hii kuliko kitabu chochote. Wataalamu wa afya wa jimbo la Minnesota waliona wagonjwa wa bakteria wa salmonela wakiongezeka ghafla, wakawauliza walichokula, wakafikia aiskrimu ya kampuni moja iliyouzwa nchi nzima. Mchanganyiko wa aiskrimu hiyo ulikuwa umechemshwa kuua vijidudu kama inavyotakiwa, kisha ukasafirishwa kwa malori ya tangi yaliyokuwa yamebeba mayai mabichi. Wagonjwa waliothibitishwa na maabara walihesabika kwa mamia. Lakini watafiti walitafuta pia kiwango cha kuugua miongoni mwa wateja walioila aiskrimu hiyo, wakakizidisha kwa wingi wa aiskrimu iliyouzwa. Jibu lilikuwa watu 224,000.

Mamia kwa upande mmoja, laki mbili na zaidi kwa upande wa pili, na mlipuko ni mmoja. Wengi wa watu hao hawakujua kamwe kwamba walikuwa sehemu ya jambo lolote.

Ilipofika 1996, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa iliyoko Atlanta, pamoja na Wizara ya Kilimo na mamlaka ya chakula na dawa, zilikuwa zimeanzisha mtandao ulioitwa FoodNet katika maeneo matano. Mtandao huo haukukaa kungoja taarifa ziletwe. Watumishi wake walizifuata maabara wenyewe na kuuliza nini kimeonekana. Waliuliza maabara hupima vijidudu gani, na madaktari huagiza choo kipimwe mara ngapi. Tena waliwapigia simu watu wa kawaida majumbani mwao: katika mwezi uliopita uliharisha? Ulikwenda kwa daktari? Ulitoa choo kipimwe? Kwa maswali hayo kila pingili ya mlolongo ikapata kipimo chake, na sehemu iliyokuwa ikikisiwa gizani ikaanza kuonekana.

Mwaka 1999 Paul Mead na wenzake wa CDC walichapisha hesabu iliyopatikana kwa njia hiyo. Inafaa kuifuata hatua kwa hatua, maana uzito wake umo katika hatua hizo. Kwa vijidudu vinavyojulikana, walichukua idadi iliyoandikwa, wakaizidisha. Kwa salmonela walizidisha kwa 38, yaani kila mgonjwa mmoja aliyeandikwa anasimama badala ya 38 waliougua. Kwa O157 walizidisha kwa takriban 20, kwa kuwa anayeharisha damu huwahi hospitali. Kwa ugonjwa mkali, ambao mtu hawezi kuuvumilia nyumbani, walizidisha kwa 2 tu. Kisha wakaondoa sehemu iliyotokana na maji na kuambukizana. Jumla ya waliougua kwa chakula chenye vijidudu vinavyojulikana ikawa milioni 14.

Lakini watu wengi huharisha bila mdudu yeyote kutambuliwa. Hapo ndipo zile karatasi za Cleveland, pamoja na utafiti wa baadaye wa mji wa Tecumseh, Michigan, zilipotumika. Simu za FoodNet kuhusu kuharisha, zikijumlishwa na kumbukumbu za kutapika za tafiti hizo mbili, zilionyesha kwamba, kwa wastani, kila mtu hupatwa na kuharisha au kutapika mara moja na kidogo kwa mwaka. Ila mtu anayetapika huku akikohoa huenda ana ugonjwa wa njia ya hewa, na simu zile hazikuuliza habari za kikohozi. Akina mama wa Cleveland walikuwa wamekiandika. Kwa msaada wa kumbukumbu hizo watafiti walipunguza robo, wakabaki na 0.79 kwa kila mtu, yaani matukio milioni 211 kwa nchi nzima. Milioni 173 kati ya hayo hayakuwa na mdudu anayejulikana. Wakachukua kwamba asilimia 36 yalitokana na chakula, kama ilivyokuwa kwa vijidudu vinavyojulikana, wakapata milioni 62. Ukijumlisha na zile 14 unapata milioni 76, pamoja na waliolazwa 325,000 na vifo 5,000.

Ile asilimia 36 ni dhana tu, na waandishi hawakuificha. Waliiweka wazi ili ashindwaye kukubaliana nayo aweke yake na kuona namba inakwenda wapi. Naiheshimu sana kazi ya namna hiyo. Makadirio yaliyotangulia yalimtaka msomaji amwamini mtaalamu, lakini haya yalimpa njia ya kukokotoa mwenyewe.

Mwaka 2011 Elaine Scallan na wenzake walirudia hesabu kwa takwimu bora zaidi, wakapata milioni 48, waliolazwa 128,000 na vifo 3,000. Waliosoma vichwa vya habari walidhani chakula cha Marekani kimekuwa salama zaidi. CDC ikaonya kwamba namba hizo mbili hazilinganishiki. Takwimu zilizotumika na njia ya kukokotoa zilikuwa zimebadilika. Kushuka kwa namba kulitokana zaidi na mabadiliko hayo.

Uingereza ilipita njia nyingine, ya kuwafuatilia watu kwa miezi. Katika utafiti wa 2008 hadi 2009 washiriki walituma kila wiki barua pepe au postikadi kusema kama tumbo limewasumbua. Ikabainika kwamba kwa kila mgonjwa mmoja wa tumbo anayefika katika takwimu za taifa, wapo 147 majumbani. Hao ni wagonjwa wa tumbo wote, wawe wameambukizwa na chakula au na kitu kingine.

Je, dunia nzima? Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilianzisha juhudi ya kulijibu swali hilo, na wataalamu walioteuliwa wakafanya kazi karibu miaka kumi. Walichagua visababishi 31, kuanzia salmonela na minyoo ya tegu hadi sumukuvu ya mahindi na karanga na sianidi ya muhogo mchungu. Matokeo yalitangazwa Desemba 2015. Kwa mwaka 2010, watu milioni 600 waliugua na 420,000 walikufa. Theluthi moja hivi ya waliokufa ni watoto wa chini ya miaka mitano. Kanda ya Afrika ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake: wagonjwa milioni 91 na vifo 137,000 kila mwaka.

Namba hizo za Afrika zinastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayeishi huku. Huko Marekani maabara ziliulizwa na simu zikapigwa. Kwetu, mahali pengi, hakukuwa na cha kuzidisha, maana aliyeandikwa hakuwepo. Sehemu inayotokana na chakula ilipatikana kwa kuwauliza wataalamu, kwa utaratibu uliobuniwa na Roger Cooke wa Uholanzi. Kila mtaalamu alitaja kiwango anachokiamini pamoja na mipaka ya chini na ya juu. Aliulizwa pia maswali ambayo waandaaji walikuwa na majibu yake, na aliyeonekana kuijua vyema mipaka ya ujuzi wake ndiye aliyepewa uzito zaidi. Ni njia ya uaminifu, lakini haiwezi kumwona mgonjwa wa Tandahimba au Kisangani. Milioni 600 yenyewe ilitolewa ikiwa na mipaka ya milioni 420 hadi milioni 960.

Yapo pia yaliyobaki nje. Sumukuvu ilihesabiwa kwa saratani ya ini inayokuja baada ya miaka mingi, na vifo vyake vikakadiriwa kuwa karibu 20,000 kwa mwaka. Lakini Kenya ilikwisha kuona sumu hiyo ikiua kwa siku chache. Mwaka 1981 huko Machakos, wagonjwa 20 walilazwa na 12 wakafa. Mwaka 2004 Makueni na Kitui zikaathirika zaidi, na hadi Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, waliokufa 125. Walihesabika kwa sababu macho yao yaligeuka manjano, alama ambayo familia haiwezi kuipuuza. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua, wakakuta mahindi ya nyumba za wagonjwa yana sumu nyingi zaidi, na kwamba wengi waliyahifadhi yakiwa na unyevu. Mahindi ya sokoni yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango kilichoruhusiwa Kenya. Mwaka 2016 zamu ilikuwa ya Dodoma na Manyara, Tanzania: wagonjwa 68, vifo 20.

Wakati wa hesabu ile ya kwanza ya dunia, nchi nne zilikubali kufanya utafiti wao wenyewe: Albania, Japani, Thailand na Uganda. Mwaka 2020 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kutaka makadirio yahuishwe, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kuzisaidia nchi kujikadiria zenyewe, badala ya kukadiriwa pamoja na jirani zao kwa kukosa takwimu.