Kinyemelezi, si Kifuatiliaji

Mafundi wa magari mjini Nyeri husema "treka", na mteja akaelewa. Treka yao ina laini ya simu na husoma setilaiti, nayo hufungwa garini au kwenye bodaboda kwa ridhaa ya mwenyewe, ili chombo kikiibwa kijulikane kilipo. Kuna kifaa kingine, kidude cha Bluetooth kisichozidi sana ukubwa wa sarafu, ambacho mtu mwenye nia mbaya anaweza kukitumbukiza mkobani mwa abiria kabla matatu ya Nairobi haijaondoka stendi. Hicho nacho wateuzi wa istilahi wamekibandika jina "kifuatiliaji".

Jina hilo halifai, hata likipitishwa na kamati yenye wasomi wangapi. Fuata imezaa fuatia, fuatia ikazaa fuatilia, na katika ukoo wote huo hakuna siri. Mwalimu hufuatilia maendeleo ya mwanafunzi; mkulima wa kahawa wa Othaya hufuatilia malipo yake; hakuna anayejificha. Kola wanazovishwa ndovu wa Laikipia, ili watafiti wajue njia zao, ni vifuatiliaji kwa haki kabisa. Kuita kwa jina moja kifaa kinachomlinda ndovu na kifaa kinachomwinda mwanamke aliyemkimbia mume mkatili ni uzembe, tena uzembe wenye madhara.

Neno linalostahili ni kinyemelezi.

Nyemelea ni kumwendea mtu polepole bila yeye kujua, kama paka anavyomwendea panya. Kutoka hapo tuna kinyemela, kielezi cha mambo yafanywayo kwa kificho. Wahudumu wa afya nao walikwisha kutuzoeza magonjwa nyemelezi, yale yanayouvizia mwili ulioishiwa kinga. Muuguzi wa Karatina au Embu hahitaji kufafanuliwa. Ki- inatupa kifaa, -zi inatupa mwenye mazoea ya kutenda, kama katika mtetezi. Kazi yote imekamilika ndani ya Kiswahili, na inashangaza kwamba waliokaa vikao hawakuiona.

Wapinzani wanadai kwamba neno hili linahukumu, kwa kuwa kifaa hichohicho hutumika kutafutia funguo zilizopotea. Hoja hiyo haina uzito. Kikining'inia kwenye funguo za mwenyewe, kiitwe kitafutio. Kikifichwa kwa mwingine, kinanyemelea, na lugha iseme hivyo.

Hata utendaji wake unalithibitisha jina. AirTag, mojawapo ya vidude hivyo, iliyotolewa na Apple mwaka 2021, haisomi setilaiti wala haina laini ya simu. Hutoa ishara hafifu, kisha iPhone za wapita njia huipokea na kupeleka habari ya mahali ilipo, wenyewe wasijue. Penye msongamano wa simu hizo hufichuka upesi. Kwenye nyika za juu za Aberdare, pasipo na mtu, hunyamaza.

Kukigundua kinyemelezi kuitwe kung'amua, ingawa king'amuzi kimekwisha kutwaliwa na televisheni. Tangu Mei 2024 Apple na Google hutumia utaratibu mmoja wa kutahadharisha: kwenye Android, fungua mipangilio, ingia sehemu ya usalama na dharura, washa tahadhari za vinyemelezi, kisha chunguza papo hapo. Kikipatikana, kiguse kwa simu yenye NFC usome namba yake ya utambulisho, uihifadhi kwa ajili ya polisi, ndipo utoe betri.